Kazi ya kujitegemea ndani ya nyumba ya kupanga Mombasa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaonijia na shida hii huwa wamepita njia moja. Kwanza wamenunua laptopu na meza. Kisha wakafungua ukurasa wa biashara wenye ramani inayoelekeza mpaka mlangoni. Wateja wakaanza kupanda ngazi, majirani wakaanza kuuliza, na mwisho keateka, mtunza jengo, akabisha hodi na bahasha: notisi ya mwezi mmoja. Ushuru hata hawajaufikiria.

Kazi yenyewe mara nyingi ni halali na ni nzuri. Walichokosea ni mpangilio. Mwongozo huu unaanzia pale wanaporuka, kwenye karatasi ya nyumba, halafu unakwenda kwa kaunti, KRA (mamlaka ya ushuru), na siku ya kumdai mteja sugu.

Ni wa mtu wa kazi ya meza: mfasiri, mchoraji wa nembo, mnukuzi wa sauti, mtengeneza tovuti, mwalimu wa mtandaoni, anayewashikia wenye maduka hesabu zao. Anayepika au kusuka kwa wateja wa kuingia na kutoka ana masharti mengine juu ya haya. Kwake hatua mbili za kwanza zinatosha kumwonyesha kama nyumba aliyomo inafaa.

Na tuelewane lugha. Humu ndani, kodi ni ya mwenye nyumba, ushuru ni wa serikali. Nimeona watu wakigombana nusu saa kwa sababu ya maneno hayo mawili tu.

## Vya kukusanya kabla ya kuanza

- Mkataba wa upangaji, kurasa zote, pamoja na risiti ya dipoziti. Kama huna mkataba, kusanya ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya miezi yote uliyolipa.
- Kitambulisho na PIN ya KRA.
- Akaunti za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na iTax (tovuti ya ushuru ya KRA) ambazo nywila zake bado unazikumbuka. Ukizisahau, nenda Huduma Centre iliyo jengo la Posta, Barabara ya Digo, na uende asubuhi.
- Nambari ya ploti. Jina la jengo si nambari ya ploti. Muulize mwenye nyumba au wakala.
- Nambari ya mita yako ya stima.
- Laini ya simu ya kazi peke yake.
- Daftari, au faili moja la hesabu kwenye kompyuta. Mali bila daftari huisha bila habari, na KRA nao watataka habari.

## Hatua ya 1: Soma mkataba wa nyumba kabla ya kununua meza

Mikataba mingi ya Mombasa huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na mpangaji hutia sahihi amesimama mlangoni, funguo zikiwa mkononi mwa wakala. Usione haya kukaa chini sasa na kuisoma pole pole, au kumwomba anayeijua lugha hiyo akusomee.

Tafuta vifungu vinne.

Matumizi. Hiki ndicho kikubwa. Kwa kawaida kinasema nyumba ni ya makazi pekee. Mtu anayefasiri barua akiwa sebuleni bado anaishi pale, na hakuna wa nje atakayeona tofauti. Lakini maneno ya mkataba ni maneno ya mkataba. Ikija siku ya ugomvi, wakala hatasoma unachofanya, atasoma ulichotilia sahihi.

Bughudha kwa majirani. Printa ya usiku wa manane, bodaboda zinazopiga honi getini, sauti ya mikutano ya video kwenye ukuta mwembamba: vyote vinaingia hapa.

Kubadilisha jengo. Kutoboa ukuta kupitisha waya wa waifai kunahesabika. Kuongeza soketi pia.

Kupangisha sehemu ya nyumba. Rafiki anayekulipa ili aweke meza yake chumbani kwako ni mpangaji wako, hata mkiitana ndugu. Mikataba mingi inakataza.

Kama hamna karatasi kabisa, jambo la kawaida katika nyumba za vyumba kule Majengo, Kisauni na Likoni, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa namna hiyo unaweza kukatishwa kwa notisi ya urefu wa kipindi cha malipo, yaani mwezi mmoja. Baraza la kudhibiti kodi za nyumba halitakufaa kitu, maana sheria yake, Sura ya 296, inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta nyumba ya kodi hiyo Mombasa leo uniambie umeipata wapi.

*Umefaulu ukiwa* unaweza kusema, bila kufungua karatasi, kifungu gani kinakuzuia na kifungu gani kimenyamaza.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa, na iwe ya maandishi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wanamwomba mwenye nyumba bila kujua anachokiogopa. Wanadhani anaogopa kelele. Kelele ni ndogo. Ana hofu mbili ambazo hatakwambia.

Ya kwanza ni Sura ya 301, sheria ya wapangaji na wenye maduka, hoteli na mikahawa. Katika sheria hiyo "duka" si lile la kuuza unga tu. Linajumuisha mahali panapotumika pote, au kwa sehemu kubwa, kutoa huduma kwa malipo. Mpangaji wa mahali kama hapo, akiwa hana mkataba wa maandishi, au akiwa na wa muda usiozidi miaka mitano, hulindwa: mwenye nyumba hawezi kumtoa bila notisi ya fomu maalumu isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Kesi hizo huvuta miaka. Mwenye nyumba aliyewahi kuburutwa huko, au aliyesimuliwa na mwenzake msikitini, akisikia neno "biashara" anafunga mlango.

Ya pili ni ushuru. Mapato ya nyumba za makazi, kuanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, yanatozwa asilimia 7.5 tu tangu Januari 2024, na kodi ya makazi haina VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Jengo likigeuka la biashara, raha hiyo inaondoka.

Kwa hivyo usimwombe akuruhusu "kufungua ofisi". Mhakikishie kwamba nyumba itabaki nyumba. Ujumbe kama huu unafaa:

> Assalaam aleikum mzee wangu. Ni mimi mpangaji wako wa ghorofa ya pili. Nafanya kazi ya kufasiri maandishi kwa kompyuta nikiwa ndani mwangu, naomba idhini yako. Hakuna mteja atakayekuja nyumbani, sitaweka bango wala kuajiri mtu, na stima nalipa mwenyewe kwa tokeni. Nyumba inabaki ya kuishi, na sitadai kuwa imekuwa duka au ofisi. Ukiridhika, nakuomba unijibu hapa hapa kwa maandishi niweke kumbukumbu. Shukran sana, Mungu akuzidishie.

Badilisha salamu kulingana na mtu. Kwa mama mwenye nyumba wa Mikindani, "Shikamoo mama, natumai umeamka salama" itafika mbali zaidi. Mtumie asubuhi, na usiutume tarehe 5 huku kodi hujalipa.

Tahadhari. Neno la keateka si ruhusa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na keateka "wewe fanya tu, hapa hakuna shida", nikafanya miezi saba. Alipoondoka, aliyekuja baada yake alihesabu watu waliokuwa wakiniletea karatasi na akapeleka hesabu hiyo kwa wakala. Sikuwa na chochote cha kuonyesha. Nilihama Tudor nikiwa na kazi ya mteja nusu njia.

Akikataa, usibishane na usifanye kwa kujificha huku ukijitangaza mtandaoni. Muulize ni lipi hasa linalomkera. Mara nyingi ni wateja. Mwambie utakutana nao kwingine, kisha ufanye hivyo kweli: mkahawa tulivu, nyumbani kwa mteja, au Swahilipot Hub pale Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, ambapo vijana wa kazi za kompyuta hukusanyika.

*Umefaulu ukiwa* na jibu lake la maandishi, limehifadhiwa mahali pawili, moja pakiwa nje ya simu. Simu huibiwa kwenye matatu.

## Hatua ya 3: Ijaribu nyumba wiki moja

Usichukue kazi ya tarehe ya mwisho kali kabla ya kuijua nyumba yako saa za kazi.

Intaneti. Mombasa ndipo nyaya za chini ya bahari zinapoingilia nchini: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Lakini kuwa karibu na pwani hakukusaidii kitu kama waya wa kutoka nguzo hadi chumbani ni mbovu. Pima kasi saa za wateja wako. Kama wako Marekani, saa mbili usiku hapa ni mchana kule New York, na ndizo saa ambazo ploti nzima inatazama filamu. Muulize jirani anatumia kampuni gani kabla ya kulipia. Kwenye baadhi ya majengo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu kupitisha waya.

Weka bando la simu kama akiba, ukijua kwamba nalo lina mpaka. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na intaneti ikalegea kwa waya na kwa simu vile vile. Siku kama hiyo kinachokuokoa ni kuwa umemwambia mteja mapema.

Stima. Laptopu ya wati 65 kwa saa nane, siku 22 za mwezi, inakula kama uniti 11 au 12. Feni ya wati 60 inakula karibu hivyo hivyo. Kiyoyozi cha kilowati moja, saa sita kwa siku, kinakaribia uniti 130. Sasa tazama viwango vya Kenya Power: mteja wa nyumbani anawekwa daraja la hadi uniti 30, la 31 hadi 100, au la zaidi ya 100, na kila daraja lina bei yake. Laptopu na feni huenda zisikutoe ulipo. Kiyoyozi peke yake kinakupandisha daraja. Mnaochangia mita moja nyumba nzima, kubalianeni mapema, maana atakayelaumiwa tokeni zikiisha upesi ni "yule wa kompyuta".

Nunua betri ndogo ya kuishikilia ruta stima ikipotea. Ni ya bei nafuu na kwangu imenifaa kuliko kifaa kingine chochote mezani. Ongeza kifaa cha kukinga umeme unaporudi kwa kishindo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Aliyehifadhi kazi yake kwenye kompyuta tu alikaa akiutazama ukuta.

Hewa ya chumvi. Hili watu wa bara hawalijui. Nyali, Bamburi na Shanzu, karibu na maji, matundu ya laptopu hushika kutu na vibonye hukwama. Usiiweke mbele ya dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Ikunje na uifunike usiku, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe.

Sauti. Panga mikutano kwa kuijua adhana ya mtaa wako. Aliyeko Ulaya hatakasirika ukimwambia "tuanze na dakika kumi". Atashangaa zaidi ukikatizwa katikati ya bei.

## Hatua ya 4: Jina

Ukifanya kazi kwa jina lako kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho, unaweza kuanza bila kusajili jina la biashara. Ukiongeza neno, mathalani "Huduma za Tafsiri", sajili. Inafanyika eCitizen kupitia Idara ya Usajili wa Biashara, kwa takriban shilingi 1,000. Tayarisha majina matatu au manne, maana la kwanza karibu kila mara limeshachukuliwa.

Jina la biashara halikutengi na madeni. Mteja akikushtaki, anakushtaki wewe na friji yako. Kampuni ni jambo jingine, na kwa anayeanza sioni haja yake.

## Hatua ya 5: Kaunti, na kujua uko kaunti gani

Usicheke. Shanzu ni Mombasa, lakini ukivuka daraja la Mtwapa uko Kilifi. Likoni ni Mombasa, ila Ng'ombeni ni Kwale. Mazeras nako si Mombasa. Watu wanaosema "nakaa Mombasa" huku wanalala Mtwapa wamewahi kupanga foleni kwenye ofisi isiyo yao.

Leseni ya biashara hutolewa na kaunti, hulipiwa kila mwaka, na ada hutokana na sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka huo pamoja na aina na ukubwa wa kazi. Nenda ofisi ya biashara ya kaunti na ueleze kazi yako ilivyo: mtu mmoja, kompyuta moja, hakuna wateja wa kuja. Usiseme "ofisi" kama hakuna ofisi, kwa sababu daraja utakalotiwa ndilo utakalolilipia miaka ijayo. Ukiambiwa hulazimiki, omba kuandikiwa hivyo na uondoke na karatasi.

Fomu itataka nambari ya ploti. Hiyo ndiyo sababu ya hatua ya 2 kuitangulia hii: ukijaza ploti ya mtu bila yeye kujua, habari zitamfikia kwa mdomo wa askari wa kaunti.

Tahadhari. Usiweke bango, hata dogo la karatasi getini. Bango lina ada yake kwa kaunti, linavunja ahadi yako kwa mwenye nyumba, na linamwita kila mkaguzi anayepita. Na usiiweke nyumba yako kwenye ramani za Google. Kwa anwani ya barua tumia mPost ya Posta, ambapo nambari yako ya simu ndiyo inayokuwa sanduku lako.

## Hatua ya 6: KRA

Vuta kiti, hii ni ndefu kidogo.

Pesa ikitoka nje, ushuru ni wa hapa. Kazi uliyoifanyia Bamburi ni mapato ya Kenya hata kama aliyelipa yuko Chicago na pesa zimepitia PayPal.

Ni ushuru upi? Wengi hukimbilia ushuru wa mauzo ghafi, ule wa asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Lakini ada za kitaalamu na za mafunzo hazimo humo. Mhasibu, mshauri na mwalimu hutozwa kwa faida, kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi.

Mfano. Umebaki na faida ya shilingi 600,000 kwa mwaka baada ya kutoa gharama za kazi:

- 288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
- 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25: 25,000
- 212,000 zilizobaki kwa asilimia 30: 63,600
- Jumla: 117,400
- Toa nafuu ya mtu binafsi ya mwaka: 28,800
- Unachodaiwa: 88,600

Ni karibu shilingi 15 katika kila 100 za faida. Zitenge siku ile ile unapolipwa, kwenye akaunti usiyoizoea. Na ukitazama vizuri utaona kwamba mwenye faida isiyozidi 288,000 hadaiwi ushuru huu, kwani nafuu inaumeza wote. Ila bado lazima apeleke ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka.

Tarehe. Ritani ya mwaka uliokwisha hupelekwa iTax kufikia tarehe 30 Juni. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Ushuru wako wa mwaka ukifika 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Yule wa mfano wetu yumo.

Asilimia 5 inayokatwa na mteja. Kampuni ya Kenya ikikulipa ada ya kitaalamu ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Pesa hiyo haijapotea. Ni ushuru uliokwisha kulipwa, na utauondoa kwenye deni lako mwisho wa mwaka, mradi cheti chake kionekane iTax. Angalia kila mwezi. Kuna wateja wanaokata na kusahau kupeleka, na Juni haiwakumbushi.

eTIMS. Tangu Januari 2024 kampuni haikubaliwi gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ndiyo maana mhasibu wa mteja anairudisha ile ankara uliyoipamba kwa rangi. Jiandikishe mapema kupitia tovuti au kwa kubonyeza *222#.

Je, naweza kuitoa kodi ya nyumba kama gharama? Swali hili huulizwa kuliko yote. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, inakubali gharama iliyotumika yote na kwa ajili ya kupata mapato tu, na inakataa za nyumbani. Meza yako inaposhiriki chumba na kitanda, kudai kodi ni kujitafutia maneno. Kisha fikiri tena: umemwandikia mwenye nyumba kwamba hapa si ofisi, halafu umeiandikia KRA kwamba ni ofisi. Mimi nadai waifai ya kazi, bando, programu ninazolipia na nauli ya kwenda kwa wateja, risiti zikiwepo. Kodi naiacha.

VAT inakuhusu mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagusa pia mapato yasiyo ya mshahara, kwa asilimia 1.5, kwa hivyo iweke kwenye hesabu zako tangu mwanzo.

*Umefaulu ukiwa* unajua leo, bila kufungua chochote, ni shilingi ngapi kwenye akaunti yako si zako.

## Hatua ya 7: Kulipwa, na kumdai asiyelipa

Tenga pesa za kazi na za nyumbani. Pochi la Biashara au till itakufaa kwa wateja wa hapa. Kwa wa nje, akaunti ya benki au huduma ya kupokea inayofika benki au M-Pesa. Kumbuka M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, wala muamala mmoja hauzidi 250,000.

Kabla ya kuanza kazi yoyote andika ujumbe wenye mambo matano: kazi gani, bei gani, itakwisha lini, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na malipo lini. Mteja akijibu "sawa", mna mapatano. Chukua nusu mbele. Kukopa arusi, kulipa matanga, na mteja aliyekuwa akikupigia mara kumi kwa siku kabla ya kazi atakuwa "kwenye mkutano" wiki tatu baada yake.

Asipolipa, mwandikie barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho. Ikipita, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Peleka ujumbe wa mapatano, ankara, na uthibitisho kwamba kazi ilimfikia. Kwa mteja aliye nje ya nchi mahakama hii haikufai, kwa hivyo yule mchukulie malipo kwa vipande, kazi ikiendelea.

## Hatua ya 8: Yanayosahaulika

Siri za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu ukishika majina, vitambulisho au taarifa za watu. Mwenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida halazimiki kujisajili, isipokuwa kwa kazi fulani kama zile za taarifa za afya, lakini wajibu wa kulinda anao. Kwa vitendo: kompyuta iwe na nywila, watoto wasiichezee, na karatasi za wateja zisiishie kufungia mahamri.

Bima. Bima ya mwenye nyumba, akiwa nayo, ni ya jengo lake. Laptopu yako haimo. Ukinunua bima ya vitu vya nyumbani, uliza wazi kama kifaa cha kazi kinafidiwa, na jibu uliandikiwe.

Afya. SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mwajiri hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Bonyeza *147#. Weka pesa hizo kando kidogo kidogo, kwani mkupuo wake unauma.

## Notisi ikija hata hivyo

Wakati mwingine umefanya yote na nyumba inauzwa. Soma tarehe kwanza: kwa mpangaji wa mwezi, notisi isipungue mwezi, na iwe ya maandishi. Jibu kwa maandishi pia, ukikiri kuipokea na ukiomba ukaguzi wa nyumba kwa ajili ya dipoziti. Piga picha kila chumba kabla ya kufunga mizigo, hasa pale ulipotoboa ukuta kwa idhini.

Kisha badilisha anwani iTax, kwenye usajili wa jina la biashara, na kwenye leseni ya kaunti. Kama unavuka daraja la Mtwapa, leseni ya Mombasa haikufuati. Waifai ndiyo huchelewa kuhamishwa kuliko vyote. Iombe siku ile ile unayopokea barua, kabla hata hujaanza kutafuta mkokoteni.